Uchambuzi wa Kisa: Printa Iliyoacha Kutambuliwa na Kompyuta ya Nyumbani Baada ya Umeme Kukatika

Usuli

Mwenye kisa ni mwalimu wa sekondari katika mji mmoja wa Tanzania bara. Humu nitamwita Mwalimu. Jina la shule, la mtaa na aina ya printa nimeviondoa. Yanayohusu ufundi nimeyaacha yalivyokuwa.

Nyumbani kwake kuna kompyuta ya mezani yenye Windows 10 na printa ya wino ya matangi, ile inayochapa, kuskani na kutoa kopi. Printa haina Wi-Fi, inaunganishwa kwa waya wa USB tu. Intaneti anaipata kwa kuunganisha simu.

Mwalimu aliinunua printa hiyo kwa ajili ya mitihani. Mtunga mtihani akipeleka flashi steshenari, faili linaweza kubaki kwenye kompyuta ya duka, kurasa zilizoharibika zinabaki kwenye kapu, na flashi yenyewe mara nyingi inarudi na virusi. Mtihani ukivuja, wa kuulizwa ni yeye. Ndiyo maana printa ilipogoma juma moja kabla ya mitihani ya muhula, hakuwa na mahali pengine pa kukimbilia, na ndiyo maana watu wa nyumbani waliishughulikia kwa pupa.

Kilichotokea kabla fundi hajaitwa

Mimi ndiye fundi aliyeitwa, na mambo haya niliyapata vipande vipande, baadhi kwa simu, mengi zaidi nilipofika.

Sebule ilikuwa imepangwa upya kwa sababu ya wageni. Printa ikatolewa kwenye meza ya kompyuta, ikawekwa juu ya kabati upande wa pili wa chumba. Waya wake wa asili, wenye urefu wa kama mita 1.8, haukufika. Mpwa wa Mwalimu akanunua waya wa kurefushia wa mita 5, akaunga ule wa zamani mwishoni. Printa ikachapa. Mara nyingine ilisita katikati ya ukurasa kisha ikaendelea, lakini hakuna aliyejali, maana karatasi zilikuwa zinatoka.

Siku chache baadaye, mtihani ukiwa unachapwa, umeme ukakatika. Uliporudi na kompyuta kuwashwa, ukatokea ujumbe kwamba kifaa cha USB hakitambuliki. Kuanzia hapo zikafuata hatua hizi, mfululizo, jioni moja na kesho yake:

Printa ikazimwa na kuwashwa. Waya ukahamishwa kutoka tundu la nyuma kwenda la mbele, kisha jingine la mbele. Mwalimu akatuma tena mtihani uleule kuchapwa, mara kadhaa, akitumaini mojawapo ungepita. Mpwa akaifuta printa kwenye orodha ya vifaa ili aiongeze upya, haikurudi. Akatafuta draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa) mtandaoni, akabofya tokeo la kwanza kabisa, ambalo lilikuwa tangazo. Kilichoshuka kilikuwa programu ya "kusasisha draiva", ikadai kompyuta ina draiva nyingi zilizopitwa na wakati na kutaka malipo. Hakulipa, ila aliiacha ndani. Baadaye akapata draiva ya printa ya namba inayokaribiana na ya Mwalimu, akaisakinisha, akachagua mwenyewe poti, yaani njia ambayo kompyuta ingepitishia kazi kwenda kwenye printa. Ikoni ya printa ikaonekana kwenye orodha, imefifia.

Mtu mmoja akashauri kompyuta ipigwe Windows upya, yaani iliyopo ifutwe na kuwekwa nyingine. Hapo ndipo Mwalimu alipopiga simu.

Maswali ya kwanza, kwa simu

Aliyoniambia yalikuwa machache: "Fundi, kompyuta haisomi printa. Nipige Windows?" Nikamwomba asiguse kitu kingine chochote, hasa hilo la Windows, halafu nikamuuliza mambo matatu.

La kwanza: je, printa inatoa kopi bila kompyuta? Akaweka karatasi kwenye kioo, akabonyeza kitufe cha kopi, ikatoka safi. Kwa jaribio hilo moja tulijua kwamba wino upo, kichwa cha kuchapia ni kizima, rola zinavuta karatasi na umeme wa ndani ya printa hauna shida. Nusu ya sababu zinazowezekana ziliondoka bila mtu kupanda daladala.

La pili: waya ukichomekwa, kompyuta inatoa mlio au inakaa kimya? Inatoa mlio, na ujumbe unatokea. Kumbe tundu lilikuwa na uhai na kompyuta ilikuwa inahisi kwamba kuna kitu kimechomekwa.

La tatu: nini kilibadilika kabla ya tatizo? "Hakuna, mwanangu. Ni umeme tu."

Jibu hilo ni la kweli kwa aliyelitoa. Kuhamisha samani si jambo la kompyuta, kwa hiyo halikumjia akilini. Siku hizi swali hilo naliuliza kwa namna nyingine: je, kompyuta au printa imewahi kuhamishwa, hata hatua mbili? Kuna waya wowote mpya?

Nilichokikuta nyumbani

"Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, karibu fundi." Macho yakaenda moja kwa moja kwenye waya mweusi uliokuwa umepita chini ya zulia hadi kabatini, na pale katikati ya njia ulikuwa na kiungo.

Kabla ya kuuchomoa, nilipiga picha za skrini kwa simu: orodha ya printa, dirisha la "Device Manager" ambalo Windows huorodhesha vifaa vilivyounganishwa, na foleni ya uchapaji, yaani hati zinazosubiri kuchapwa. Kazi hiyo haichukui muda, na ndiyo inayokuwezesha kujua baadaye ni hatua ipi iliyobadilisha nini. Katika "Device Manager" kulikuwa na alama ya njano kwenye mstari unaosema "Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed)", na ndani yake kosa namba 43.

Mstari huo unahitaji kuelezwa, kwa sababu watu wengi wakiuona wanakimbilia draiva. Kifaa cha USB kinapochomekwa ni kama mgeni anayebisha hodi: kompyuta inahisi kuna kitu mlangoni, kisha inakiuliza kijitambulishe. Kifaa kinajibu kwa kutaja namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa na aina ya kazi zake. Kompyuta ikishapata majibu hayo ndipo inapotafuta draiva inayofaa. Ujumbe wa hapo juu unasema kompyuta iliuliza na jibu halikufika, au lilifika limeharibika. Kwa hatua hiyo draiva haina nafasi yoyote, iwe sahihi au batili, mpya au ya zamani, kwa kuwa kompyuta bado haijajua inaongea na nani.

Kwa hiyo nilianza na waya.

Maamuzi na sababu zake

Printa tuliishusha kabatini na kuiweka sakafuni karibu na kompyuta. Nikachomeka waya wake wa asili moja kwa moja kwenye tundu la nyuma, bila kiungo. Nilichagua la nyuma kwa sababu matundu ya nyuma yapo kwenye ubao mkuu wenyewe, ilhali ya mbele yanafikiwa kwa waya wa ndani ya kasha, ambao katika kompyuta za zamani mara nyingi ni wa hali duni. Kompyuta ikatoa mlio, alama ya njano ikatoweka, na jina kamili la printa likatokea. Draiva ya asili ilikuwa bado imehifadhiwa ndani ya Windows. Kufuta ikoni ya printa hakufuti faili za draiva yake.

Nikarudisha waya wa kurefushia ili kuthibitisha. Kosa namba 43 likarudi. Nikautoa, likaondoka.

Mpwa hakukubali haraka, na alikuwa na hoja ya maana: "Huo waya niliujaribu kwa flashi, ukasoma." Ni kweli ulisoma, na hata mbele yangu ulisoma. Lakini flashi ilichomekwa mwishoni mwa mita 5 tu, wakati printa ilikuwa inaongezewa mita 1.8 nyingine na kiungo kimoja. Kwa USB 2.0, urefu wa waya kati ya kompyuta na kifaa haupaswi kuzidi mita 5. Ukipita hapo mawasiliano hayafi siku hiyohiyo. Yanadhoofika, makosa yanaongezeka, vifaa vinarudia kutuma kile kilichopotea. Kule kusita katikati ya ukurasa ndiko kulikokuwa dalili. Umeme ulipokatika, printa na kompyuta zilibidi zitambulishane upya kabisa kupitia waya uleule dhaifu, na safari hii hazikuelewana. Umeme ulionekana ndio mkosaji, ila ulichofanya ni kulazimisha utambulisho mpya.

Hapo waliokuwa sebuleni walidhani kazi imekwisha. Mwalimu akafungua mtihani wake, akaagiza uchapwe. Kimya.

Hiyo ndiyo sehemu ya kisa ninayotaka isomwe kwa makini zaidi, maana tatizo la waya lilikuwa limekwisha, na kilichobaki chote kilikuwa kimeletwa na majaribio ya kuponya.

Orodha sasa ilikuwa na printa mbili. Moja ilikuwa imefifia na neno "Offline", nayo ndiyo iliyowekwa kuwa printa kuu. Nyingine, iliyojitokeza muda huohuo tulipobadilisha waya, ilikuwa hai lakini haitumwi chochote. Nilifungua sifa za ile ya kwanza, kwenye kichupo cha "Ports": ilielekezwa USB001. Ya pili ilikuwa USB002. Windows huipa printa ya USB poti ya kufikirika yenye namba, na ikiona printa imekuja kupitia tundu jingine, inaweza kuichukulia kama printa mpya na kuipa namba nyingine. Ikoni ya zamani haihami pamoja nayo. Inaendelea kupeleka kazi kwenye poti ambayo haina mtu. Hapa mambo yalikuwa mabaya zaidi kidogo, kwa sababu ile iliyofifia ilitumia pia draiva ya printa ya namba tofauti, kwa hiyo hata kuielekeza USB002 kusingetosha.

Nilijaribu kuiondoa. Ikabaki imeandikwa "Deleting" bila kuondoka, maana foleni yake ilikuwa imejaa: mtihani uleule, uliotumwa tena na tena. Kuwasha upya kompyuta hakuondoi kazi hizi. Zimehifadhiwa kwenye diski kama mafaili, na huduma ya uchapaji huzikuta palepale inapoamka.

Ningeweza kuiacha foleni na kutumia ikoni mpya tu. Sikufanya hivyo kwa sababu mbili. Nakala zile zingebaki humo zikisubiri, na siku moja mtu angeweza kuelekeza ikoni vibaya, zikatoka zote kwa mpigo. Pia yale mafaili ni mtihani wenyewe, umekaa kwenye folda ambayo mwenye mtihani hajui kama ipo. Kwa mtu aliyenunua printa ili kulinda siri ya mitihani, hilo si jambo dogo.

Nikafungua "services.msc", nikasimamisha huduma inayoitwa "Print Spooler", nikaingia kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na kufuta yaliyomo, bila kugusa folda yenyewe. Kisha nikaiwasha huduma. Mwalimu aliogopa kwamba mtihani wake unafutwa. Nikamwonyesha kwamba hati yake ipo mahali pake salama, na kilichofutwa ni nakala za kuchapia tu. Ikoni iliyogoma ikaondoka mara moja.

Baada ya hapo nikaondoa draiva isiyo yake. Kuiondoa ikoni pekee kungeiacha draiva ndani, na siku nyingine ingeweza kuchaguliwa tena kimakosa. Amri ya "printui /s /t2" hufungua orodha ya draiva zote za printa zilizomo, na humo unaweza kufuta draiva pamoja na kifurushi chake. Ile programu ya kusasisha draiva nayo nikaitoa, nikaendesha uchunguzi kamili wa virusi kwa kinga iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Mwisho nikaondoa alama kwenye kipengele cha "Let Windows manage my default printer", ambacho hubadilisha printa kuu kufuata ile iliyotumika mwisho, nikaiweka printa halisi kuwa kuu.

Je, nilipaswa kupakua kifurushi kipya cha draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji? Mpwa alitaka hivyo. Nilijaribu kwanza kuchapa, kisha kuskani, na vyote vikafanya kazi kwa draiva iliyokuwepo. Sikuona sababu ya kuongeza kitu kipya juu ya mfumo uliokuwa umetulia, tena kwa intaneti ya simu. Nilichofanya ni kuandika namba kamili ya printa kutoka kwenye kibandiko chake cha nyuma, herufi na tarakimu zote, ili siku draiva ikihitajika itafutwe kwa namba hiyo na si kwa ya jirani yake.

Kuhusu mahali pa printa, kulikuwa na njia tatu. Kununua waya mmoja mrefu usiozidi mita 5, bila kiungo. Kununua waya wa kurefushia wenye kifaa cha kukuza mawimbi ndani yake. Au kuirudisha printa karibu na kompyuta. Nilipendekeza ya tatu kwa kuwa haina gharama na haina kiungo cha kulegea. Ikapatikana meza ndogo.

Matokeo

Mtihani ulichapwa jioni ileile, na Mwalimu akaufunga kwenye bahasha kabla sijaondoka.

Niliacha karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati: jinsi ya kufungua foleni na kufuta kazi iliyokwama, na onyo la kutotuma hati mara ya pili kabla ya kuangalia kama ya kwanza bado ipo. Wiki kadhaa baadaye umeme ulikatika tena katikati ya kuchapa. Kazi ikakwama, Mwalimu akaifuta mwenyewe, akachapa upya, akanijulisha kwa ujumbe mfupi.

Kuna tabia nyingine tuliyoirekebisha ingawa haikuwa chanzo. Printa ilikuwa inazimwa kwenye swichi ya ukutani. Printa ya wino ikizimwa kwa kitufe chake hurudisha kichwa cha kuchapia mahali pake na kukifunika. Ikikatiwa umeme ghafla, kichwa kinaweza kubaki wazi na wino ukakauka. Sasa wanaanza na kitufe, ndipo swichi.

UPS, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, Mwalimu bado hajanunua. Nilimwambia ndogo ya kawaida itaibeba kompyuta na printa hii ya wino bila shida, ila asiwahi kuichomeka printa ya leza humo, kwa sababu leza huvuta umeme mwingi inapopasha moto sehemu inayoyeyusha unga wa wino ushike kwenye karatasi.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kujua kwanza tuko kwenye hali ipi, kwa kuwa malalamiko ya aina hii huficha hali tatu zisizofanana. Kuna printa ambayo kompyuta haiioni kabisa: hakuna mlio, hakuna mstari mpya kwenye "Device Manager". Hapo angalia umeme, waya na tundu. Kuna inayoonekana lakini haijitambulishi vizuri, kama hii ya kosa 43. Bado ni waya, kiungo, tundu, na mara chache bodi ya printa. Na kuna inayotambuliwa sawasawa huku kazi zikipelekwa kwingine: ikoni ya zamani, poti isiyo na mtu, foleni iliyoziba. Ni hii ya tatu peke yake ndiyo ya kushughulikia ndani ya programu. Nyumba hii ilikuwa kwenye hali ya pili, watu wakaitibu kama ya tatu, na kwa kufanya hivyo wakaitengeneza hiyo ya tatu kweli.

Jaribio la kopi lilikuwa na thamani kubwa kuliko yote. Halihitaji ujuzi, linafanyika kwa simu, na jibu lake halina utata. Kwa printa zisizo na kioo cha kopi, ukurasa wa majaribio unaotolewa kwa vitufe vya printa yenyewe unafanya kazi ileile.

Jaribio la flashi lilipotosha kwa sababu lilipima njia fupi kuliko ile iliyokuwa na tatizo. Ukitaka kujua kama waya ni mzima, jaribu njia nzima kama inavyotumika, au toa kipande kimoja kimoja huku vingine vikibaki vilevile.

Kupiga Windows upya kungekuwa hasara tupu. Waya ungebaki uleule na kosa lingerudi dakika ileile printa inachomekwa, lakini sasa bila draiva ya asili ndani na bila programu za Mwalimu, katika juma la mitihani. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu ushauri huo hutolewa kirahisi mno mitaani, na wapo watu waliopoteza picha na kazi za miaka kwa tatizo la waya.

Lililoshindikana mapema zaidi ni kubadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja bila kuandika lolote. Tundu, ikoni, draiva na poti vilibadilishwa ndani ya saa chache. Kama waya ungetolewa jioni ile ya kwanza, kazi ingekwisha kabla ya chakula. Kwa kuchelewa, hata baada ya waya kutolewa printa iliendelea kugoma, na mtu asiye fundi angehitimisha kwamba waya haukuwa tatizo.

Si kila poti inayopotea ni kosa la aliye nyumbani, hilo nalo lisemwe. Mwaka 2020 Microsoft yenyewe ilikiri kasoro katika baadhi ya matoleo ya Windows 10: printa ya USB ikiwa imezimwa au kuchomolewa wakati kompyuta inawashwa, poti yake ilikuwa haionekani kwenye orodha. Njia ya kuikwepa ilikuwa kuwasha printa kwanza, kisha kompyuta. Hata leo naanza kwa utaratibu huo, kwa sababu hauna gharama.

Ingekuwa printa ya Wi-Fi, sura ya tatizo ingebadilika ila mantiki ingebaki. Umeme ukikatika, ruta inapowaka inaweza kuipa printa anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao) tofauti, na ikoni iliyofungwa kwenye anwani ya zamani ikaandika "Offline" wakati printa iko hewani. Chapisha ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye printa na ulinganishe anwani yake na ile iliyo kwenye kichupo cha poti. Ikiwa anwani ya printa inaanza na 169.254, haikupata anwani yoyote kutoka kwa ruta, basi anza na muunganisho wake wa Wi-Fi. Zikitofautiana tu, rekebisha poti, kisha uitengee printa anwani ya kudumu ndani ya mipangilio ya ruta.